Kahawa Ilikuwa na Risiti

Rau si mlimani, si tambarare. Ukitoka Moshi mjini kwa miguu kuelekea Uru unaacha nyuma vibanda vya mafundi baiskeli na nyumba za wapangaji, barabara inaanza kupanda taratibu, migomba inasogeleana, na kabla hujachoka umeshafika. Upande wa chini kuna Msitu wa Rau wenye miti ya msoo, ambayo wataalamu wa mimea hufunga safari kuja kuitazama, na huko bondeni ndiko yaliko majaruba ya mpunga ya Mabogini. Utotoni mwangu watu wa Uru na Old Moshi walituhesabu kuwa watu wa chini, wa joto na malaria. Watu wa Kahe walituhesabu kuwa Wachagga wa mlimani, wenye maringo na kahawa. Sisi tulikubali yote mawili, kutegemea siku hiyo tunamuuzia nani.

Katika vitabu nilivyosoma Chuo Kikuu, Rau haikuwa na habari. Kulikuwa na Mangi Rindi, mtawala ambaye wageni walimwita Mandara, aliyempokea Harry Johnston mwaka 1884. Kulikuwa na mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900, na Sina wa Kibosho na vita vyake. Kisha reli ikafika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, na kutoka hapo kila ukurasa ni kahawa: kahawa ya wamisheni wa Kilema, kahawa iliyopigiwa debe na bwana shauri Charles Dundas, kahawa iliyozaa chama cha wapandaji, KNPA, mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, halafu chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mtu akisoma hayo peke yake ataamini kwamba Mchagga alikula kahawa, akalalia kahawa, na mkewe alikaa nyumbani akimngoja arudi na hela.

Idara ya Historia pale Mlimani, Dar es Salaam, ilikuwa na jina kubwa na sisi wanafunzi tulitembea nalo kifua mbele. Profesa wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger. Isaria Kimambo, mtu wa kwetu Kilimanjaro kule Upareni, alikuwa ameonyesha kwamba historia ya Wapare inaweza kuandikwa kutoka vinywani mwa wazee wao. Mwaka 1968 wanafunzi waliotutangulia walitumwa kusini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa watu waliokuwa bado hai. Lakini zamu yetu ilipofika, mjadala ulikuwa umehamia kwenye uchumi wa kisiasa. Walter Rodney alikuwa amefariki miaka kumi kabla, ila kitabu chake cha 1972 kilikuwa kingali kikigombewa maktaba, na Issa Shivji alikuwa ameshatufundisha kutafuta matabaka hata pale ambapo watu wenyewe waliona ndugu tu. Kwa Kilimanjaro tabaka lililotafutwa lilikuwa la kulaki, yaani mkulima tajiri wa kahawa. Tulimjadili kulaki huyo semina nzima, asubuhi mpaka mchana, na sidhani kama kuna aliyewahi kukaa naye akanywa naye hata kata moja ya mbege.

Mada yangu ya tasnifu ilikuwa hiyo hiyo: kahawa na matabaka, wilaya ya Moshi. Nilikuwa nikijiandaa kuanza ndipo Mei 1990 serikali ilipokifunga chuo baada ya mgomo wa wanafunzi, na sote tukatakiwa kurudi makwetu. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia alinikuta nafunga sanduku. Akasema, "Usiende kukaa bure, binti. Kusanya nyaraka. Chuo kikifunguliwa uje na nyaraka."

Treni ya abiria ilikuwa bado inafika Moshi miaka ile, na ilijaa wanafunzi wa mikoa ya kaskazini wenye vitabu vingi na hela kidogo. Nilishuka na daftari, redio kaseti ya kuazima, na dodoso lililopigwa chapa. Nilichokosa ni barua ya utambulisho. Watu wa nchi hii wanajua: miaka ile utafiti ulianza na barua ya chuo kwenda mkoani, mkoa uandikie wilaya, wilaya iandikie kata, mpaka ifike kwa balozi wa nyumba kumi. Chuo kimefungwa, nani angenisainia? Balozi wetu, aliyekuwa amenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alinitazama akacheka. "Wewe nikutambulishe kwa nani? Hapa wote wanakujua mpaka ndui zako."

Ukosefu wa barua ulinifaa kuliko barua yenyewe. Mtafiti anapokuja na mhuri, watu humpa majibu ya mhuri. Mimi nilikuwa mjukuu aliyerudi nyumbani bila kazi, na mjukuu wa namna hiyo hupewa mambo mawili, jembe na maneno.

Wa kwanza kunipa maneno alikuwa jirani yetu, mzee ambaye kijiji kizima tulimwita Meku. Ujanani alikuwa karani wa chama cha msingi kule juu Uru, na alikuwa na kihamba chake huko, yaani shamba la ukoo, ingawa alijenga Rau karibu na barabara. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake stakabadhi za kahawa zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, mafungu kwa mafungu, msimu kwa msimu. Kabla ya kulifungua alinawa mikono akaifuta, na mimi akaniamuru ninawe.

Nimeona nyaraka nyingi tangu siku hizo, zikiwamo za Nyaraka za Taifa pale Upanga, lakini sijaona zilizonifundisha haraka kama zile. Za chini kabisa zilikuwa za miaka ya 1950, bei ya dunia ilipokuwa juu na mabati mapya yalipokuwa yakimeremeta mlima mzima. Uzito uliandikwa kwa ratili, hela kwa shilingi za Afrika Mashariki. Panda juu kidogo, shilingi inakuwa ya Tanzania. Panda tena, ratili zinageuka kilo. Jina la juu ni KNCU, KNCU, KNCU, halafu linakatika. Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kuanzia hapo karatasi za Meku zina jina la kijiji, zikifuatwa na za Mamlaka ya Kahawa. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na katika fungu la juu kabisa jina la KNCU likatokea tena, kwa wino hafifu, karatasi mbaya kuliko za mwaka 1955. Malipo ya kwanza, malipo ya pili, na katika miaka ya neema malipo ya tatu. Makato ya dawa. Makato ya ushuru. Makato ya bomba la kupulizia. Nilinakili zote.

Meku alizisoma karatasi zile kwa namna yake. Alikuwa akishika moja, anaangalia tarehe, anasema, "Hii ndiyo iliyompeleka mwanangu wa pili Umbwe," au, "Hii ilikwenda yote kwa dawa ya mrututu." Ugonjwa wa chulebuni ulipoingia mlimani, alisema, mtu alianza kufanya kazi ya dawa. Unapulizia kwa mkopo, unavuna, unalipa mkopo, unakopa tena dawa. Nilimweleza kwamba mwaka uliopita, Julai 1989, nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuelewana huko London na ule mpango wa kugawana mafungu ya soko ukasimama, ndiyo maana bei imeanguka. Alisikiliza kwa adabu. "Kwa hiyo walikaa huko wakagombana, na mimi huku nikakatwa?" Nikamwambia ndivyo. "Na mizani ni ile ile," akasema. Katika maisha yake alikuwa ameona mizani ile ikihama kutoka mwenye nyumba mmoja kwenda mwingine, na aliyeipandishia kahawa hakuwahi kuulizwa.

Juu ya mwaka 1937 alishusha sauti, ingawa nusu karne ilikuwa imepita na nyumbani tulikuwa wawili tu. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imelazimisha kila mkulima Mwafrika wa mlimani auze kupitia KNCU, bei ikawa duni, na watu wakayavamia maghala ya vyama. Yeye alikuwa mtoto. Alichokumbuka ni wanaume kurudi usiku na mama yake kuzima moto wa jikoni ili nyumba ionekane imelala. Hakutaja jina la mtu hata mmoja, na nilipoiwasha redio kaseti akaomba tuongee habari za mbuzi.

Kwa kipimo cha chuo, kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na takwimu za mkulima mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa mwandiko wa makarani wenyewe. Mwalimu angefurahi.

Jioni moja Bibi yangu alinikuta barazani nikijumlisha tarakimu hizo kwa mwanga wa kibatari. Hakujua kusoma, ila hesabu alijua. Akauliza, "Hizo ni za nani?"

"Ni za kahawa ya Meku, Bibi."

"Na ya babu yako?"

Nikamwambia za babu zilipotea. Akakaa. "Hazikupotea, hazikuwa nyingi. Tulikuwa na mibuni michache tu, huku chini kahawa haipendi. Baba yako amesoma kwa ndizi za mshare. Shangazi zako kwa maziwa. Hilo nani ameliandika?"

Basi nikaanza kwenda naye sokoni. Kuna watu watasema huo si utafiti, na mwaka ule ningeweza kukubaliana nao. Tuliondoka alfajiri, mikungu kichwani, kwenda Mbuyuni au Kiboriloni, na njiani wanawake wa Uru, waliotoka mbali kuliko sisi, walikuwa wameshatupita. Nilidhani naijua ndizi kwa sababu nimeila maisha yangu yote. Sikujua kwamba mshare wa mtori una mnunuzi wake na bei yake, na mraru na kitarasa zina mnunuzi mwingine, mpishi wa mbege, ambaye hanunui mpaka awe na uhakika wa ulezi. Ulezi wenyewe unatoka mbali, kwa hiyo mvua ikikosekana huko mbali ndizi inashuka bei Moshi. Sikujua kwamba nusu ya biashara ile ni mali kauli: mchuuzi wa mjini anachukua mikungu leo, analipa akishauza, na deni linakaa kichwani mwa Bibi pamoja na madeni mengine yote ya tangu mwezi uliopita, na ukibisha anakutajia ulivaa nini siku ile. Kulikuwa na upatu wa wanawake wa njia ileile, na pesa ya upatu ndiyo iliyolipa ada Januari, kwa sababu malipo ya pili ya kahawa hayakuwa na adabu ya kuja Januari.

Nyuma ya mkungu kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wa mlimani anafungiwa zizini, hachungwi, na majani yake hukatwa chini tambarare na kubebwa na mwanamke kupandisha. Samadi ya ng'ombe inakwenda kwenye migomba, maganda na vigogo vya migomba vinarudi kwa ng'ombe, na maziwa yanakwenda mjini, kwa wauguzi wa hospitali ya KCMC na kwa walimu. Mahindi na maharage yanalimwa shamba la chini. Rau ilikaa katikati ya mizunguko hiyo yote. Ndipo watu wa juu walipotulia kupumzisha shingo na watu wa chini walipouliza bei. Katika ramani ya kahawa ilikuwa pembeni. Hapa ilikuwa njia panda.

Na jambo hili ni la zamani kuliko kahawa. Rebmann alipoiona theluji ya Kibo mwaka 1848, misafara ya Pwani ilikuwa imeshaijua njia ya huku. Misafara hula. Waliowalisha ni wanawake wa masoko ya mlimani, kwa ndizi, maharage na mahindi, na malipo yalikuwa shanga na nguo. Chuma kilitoka Ugweno, magadi yakapanda kutoka tambarare. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya Mandara kurasa kwa kurasa, hasira yake, ujanja wake, zawadi alizodai. Chakula chao wenyewe kilipata mstari mmoja: tumenunua ndizi. Nimeusoma mstari huo kwa sura mbalimbali katika vitabu vingi, na kila nikiusoma namwona mtu amesimama nyuma yake ameshika kiuno, anangoja kulipwa.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bado nakiamini. Kahawa ilitawala historia yetu kwa sababu ilikuwa na risiti. Ilipimwa, ikatozwa ushuru, ikapandishwa treni kwenda Tanga, na kila hatua mtu aliandika. Wanachama wa vyama walikuwa wenye vihamba, yaani wanaume, kwa hiyo hata mikono ya wanawake iliyochuma na kuanika iliingia daftarini kwa jina la mume. Ndizi haikupita kwa karani yeyote. Mwanahistoria akija na taa yake anamulika penye karatasi, halafu anahitimisha kwamba hapo ndipo uchumi ulipokuwa.

Kwa hiyo nikaanza kuiundia ndizi daftari lake. Tarehe hazikuwapo, tukatumia matukio. Bei ya mkungu mwaka wa vita vya Amin. Bei mwaka wa uhujumu uchumi, 1983, walipokamatwa wenye maduka na wengine wakatupa sabuni mtoni. Wanawake walicheka sana kwenye mwaka huo. Maduka yalikuwa matupu, na kulikuwa na njia za miguu kupitia Holili kwenda Taveta, maharage yakienda na sabuni na mafuta ya Kimbo yakirudi. Magendo ni biashara ambayo kukosa risiti ndiyo sharti lake la kwanza, na hakuna mlezi wa familia wa umri wa Bibi aliyekuwa mgeni wa njia zile. Waliniambia kwa sababu redio kaseti ilikuwa imezimwa. Nami sijaandika zaidi ya hapa.

Mwaka ule maji nayo yalikuwa yamegeuka kuwa mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulikuwa umekamilika 1987 kwa mkopo na utaalamu wa Wajapani, ukichota mito ya Njoro na Rau, na mavuno yake yalikuwa gumzo. Watu walio juu ya banio walipoona mchele unavyolipa nao wakachimba mifereji yao, na maji ya walio chini yakaanza kupungua. Mlima una mila ndefu ya mifongo, yaani mifereji ya asili, kila mfongo na ukoo wake, zamu zake na mzee wake. Wajapani walikuja na ratiba ya mabanio. Usiku, kando ya mto, nilisikia hoja za pande zote mbili zikitolewa kwa majembe mkononi. Kuhusu maji angalau vitabu vimekuja: Matthew Bender alitoa kitabu kizima mwaka 2019 juu ya historia ya maji ya Kilimanjaro, na nilikisoma kwa raha.

Chuo kilifunguliwa mwanzoni mwa 1991. Nilimpelekea mwalimu nakala za stakabadhi za Meku, akazishika kwa mikono miwili. Kisha akasoma sura ya ndizi. Aliisoma yote, nampa haki yake, tena kwa makini. Akauliza, "Chanzo?"

"Masimulizi, Mwalimu. Wanawake wa soko."

"Wangapi waliorekodiwa?"

Hapo kulikuwa na tatizo. Binamu yangu, kijana wa muziki, alikuwa amezikuta kaseti zangu kabatini, na juu ya maelezo ya mali kauli na upatu alikuwa amerekodi Remmy Ongala kutoka redioni, pande zote mbili. Nilibaki na maandishi yangu ya daftari. Mwalimu alifikiri, akasema sura hiyo iwe kiambatisho. Kahawa ikachukua sura nne. Nilipata alama nzuri, na kwa kiasi kikubwa nilizipata kwa sanduku la bati la Meku.

Nilipomaliza nilirudi Rau na nakala yenye jalada gumu. Bibi aliipima kwa mkono kama anavyopima chane, akataka aonyeshwe alipoandikwa. Nikamfungulia kiambatisho, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakifunga kitabu.

"Umepata digrii."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa maneno yangu."

"Na ya Meku."

"Ya Meku mmalizane na Meku. Yangu nilikupa kwa mali kauli. Umeshauza."

Akataja bei: ada ya muhula wa kwanza wa binamu yangu mdogo, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Nilijaribu kupunguziwa, nikashindwa, kama alivyoshindwa kila mchuuzi wa Mbuyuni. Nikamlipa kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Alizihesabu noti moja moja mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia bado namdai yule kijana wa Remmy, na kwamba hilo deni ananiachia nilifuatilie mwenyewe.